Pikapu ya Marehemu na Mafungu Sitini na Manne

Mzee mmoja wa Majengo ya Meru alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya vyumba vinne, mbuzi saba, deni dogo kwa muuza vipuri, na pikapu aina ya Peugeot 504 iliyokuwa imesimama chini ya mparachichi kwa miaka sita. Nyumba na mbuzi havikuleta taabu. Pikapu ndiyo iliyoleta. Wanawe watatu wa kiume walitaka kuifufua, wakaanza kuchanga fedha kabla eda ya mama yao haijamalizika. Mabinti wawili hawakuulizwa neno. Mjane wa marehemu ni binti wa ami yangu, naye ndiye aliyenipigia simu huku pwani nipande basi niende. "Kaka," alisema kwa upole wake wa siku zote, "njoo utugawie kabla hawajagawana wenyewe."

Familia imeniridhia niandike habari hizi kwa sharti la kutotaja jina la mtu. Naziandika kwa kuwa nazijua nyumba nyingi, za bara na za pwani, zenye chombo kama hicho uani: gari, mashua, mashine ya kusaga. Mzee amekwenda, chombo kimebaki, na kila mmoja ana mpango nacho.

Asikiapo Majengo, msomaji wetu wa Mombasa huufikiria mtaa wake mwenyewe. Lakini jina hilo limetapakaa bara: liko Pumwani mjini Nairobi, liko Nyeri, liko Embu, na liko Meru. Mitaa hii ilikua zama za ukoloni, na miongoni mwa wakaazi wake wa mwanzo walikuwamo Waswahili wa pwani, wachuuzi, askari waliomaliza utumishi, na wenyeji waliosilimu. Hadi leo ukiingia Majengo ya Meru utasikia Kiswahili uani na Kimeru sokoni, na harufu ya mahamri alfajiri, ijapokuwa baridi ya Mlima Kenya itakukumbusha upesi kwamba bahari iko mbali.

Sasa nije kwenye pikapu yenyewe, maana si gari la hivi hivi. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa taji la Gari la Mwaka la Ulaya. Ile ya pikapu ilifuata miaka kadhaa baadaye. Nyuma iliwekwa springi za bapa, tabaka juu ya tabaka, na kwa hizo hubeba zaidi ya tani moja bila kulalamika. Kenya ilikuwa imeshayapenda magari ya Peugeot kabla ya hapo kwa sababu ya mashindano ya Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Mwaka 1963 na mwaka 1968 matope yalikuwa mengi hata yakafika mwisho magari saba tu kila mara, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot. Mkulima wa kahawa aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji tangazo jingine la biashara.

Lipo jambo ambalo vijana wetu wa pwani hawalijui, nami nalitaja kwa makusudi. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Peugeot 504 za Kenya ziliunganishwa Mombasa. Hesabu inayotajwa ni kiasi cha 27,000 zilizounganishwa nchini, na kazi hiyo iliendelea hata baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuliunda gari hilo kwao. Basi, ndugu msomaji wa Miritini au Changamwe, haiwi ajabu kwamba bolti za pikapu iliyolala chini ya mparachichi wa Meru zilikazwa na babu yako.

Marehemu aliinunua ikiwa imeshatumika, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipakia viazi na kabichi kutoka Kibirichia, akavipeleka Isiolo, akarudi na mbuzi. Miraa hakupakia, wengine mtaani walipakia, na mjadala wa miraa si wa leo. Kulipokuwa na arusi pikapu ilibeba vyombo vya bibi arusi, na kulipokuwa na msiba ilibeba jeneza, wanaume wakiwa wamekaa pembeni wamelishika lisitikisike. Watu wa mtaa waliiita Pijo, bila kuongeza neno. Mzee mmoja jirani aliniambia kwamba kwa miaka ishirini ni wachache waliozikwa Majengo bila kupanda Pijo.

Vijana walikuwa na hoja yao, na haikuwa hoja ya dhulma. Walisema gari limekuwa chuma chakavu, mnunuzi wa vyuma yuko tayari kulipima kwa kilo, na wao ndio wenye mikono na fedha za kuliokoa. Likisha kutembea litakuwa gari la nyumbani. Neno hilo nimelihofia tangu nilipoanza kuitwa kwenye mirathi. Mara nyingi mali ya nyumbani huwa ni mali ya mwana mkubwa, na mabinti huambiwa hivyo kwa maneno matamu hata wakaona haya kuuliza. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa haikutenga mali ndogo na mali kubwa katika jambo hili. Haki ya mwanamke imo katika zote mbili, na kwa hakika imo katika gari lenye kutu.

Tulianza na yale yanayotangulia mgawo, yaani gharama za maziko na lile deni la vipuri. Vyote vililipwa kutokana na fedha taslimu alizoacha na mbuzi wawili waliouzwa. Wasia hakuacha. Wazazi wake walishatangulia mbele ya haki, na mke alikuwa mmoja. Kwa kuwa marehemu ana watoto, mke hupata thumni, moja ya nane. Saba za nane zinazobaki ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Wana watatu ni mafungu sita, mabinti wawili ni mawili, jumla manane. Nane mara nane ni 64, na hapo hesabu hutulia: mama 8, kila mwana 14, kila binti 7.

Fundi asiye jamaa ya yeyote aliikagua pikapu kama ilivyokuwa, imelala, akataja bei ya laki moja na elfu ishirini na kitu. Nikawaomba wakubaliane juu ya shilingi 128,000, namba inayogawanyika kwa 64 bila kubaki senti. Kila fungu likawa shilingi 2,000. Mama akawa na 16,000, kila mwana 28,000, kila binti 14,000. Binti mdogo, aliyeolewa Majengo ya Embu na kusafiri asubuhi hiyo kwa ajili ya kikao, aliitazama karatasi muda mrefu. "Mjomba," akasema, "kumbe mlango mmoja ni wangu." Watu walicheka, lakini nilimwona kaka yake mkubwa akiinamisha uso.

Kilichofuata sikukitarajia. Mwana wa kati, ambaye ana watoto wa shule Nairobi, alisema waziwazi kwamba yeye hataki chuma, anataka fedha zake. Kaka na mdogo wake hawakuwa nazo. Akasema dada yao mkubwa, mshonaji wa nguo pale pale mtaani: "Mimi ninazo za chama. Nitalinunua fungu lake." Alihesabu shilingi 28,000 mbele ya mashahidi wawili, na ikaandikwa. Aliyekuwa hakuulizwa neno akatoka kikaoni na mafungu 21 kati ya 64, mengi kuliko ya yeyote.

Hapo ndipo nilipowaeleza habari ya gharama, na naomba akina mama wanaosoma waisikilize vizuri. Mali ikiwa ya ushirika, mshirika anayeigharimia bila idhini ya wenzake kwa jumla huhesabiwa amejitolea, wala hana haki ya kuwadai. Kadhalika, mshirika hana ruhusa ya kuitumia peke yake na kuchukua pato lote. Vijana wangetengeneza gari kwa siri, pengine wangeishia kupoteza fedha zao, na dada zao wangeishia kupoteza pato lao, na kila upande ungejiona umedhulumiwa kwa haki. Wakaandikiana kwamba kila shilingi itakayotolewa kwa matengenezo ni karadha juu ya gari, italipwa kutokana na kazi yake bila nyongeza yoyote, na kwamba hakuna kifaa kitakachonunuliwa bila kupita katika daftari. Daftari akapewa mshonaji. Mwanamke anayepima kitambaa kwa nusu inchi haachi risiti ipotee.

Kazi ilianza eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi. Ilifanywa Jumamosi mchana na Jumapili baada ya watoto kutoka chuoni. Mwana mdogo ni makanika wa jua kali, kwa hiyo ufundi ulikuwa wa nyumbani, lakini mikono ilikuwa ya wote. Mjukuu wa miaka kumi na mmoja alipewa makopo ya maziwa ya unga na kalamu ya wino mzito. Kila bolti iliyofunguliwa ilitiwa koponi na kuandikwa ilikotoka: fenda ya kulia, bawaba ya mlango, kiti cha dereva. Palipokuwa hapana jina alilolijua alichora picha. Mwezi wa nne, gari lilipokuwa vipande ua mzima, makopo yale yaliokoa siku nyingi za kutafuta.

Walianza chini, na wengi hapa hukosea. Kupaka rangi hupendeza macho, lakini chesisi ikiwa imeoza au imepasuka, rangi ni sanda. Waliinua gari juu ya magogo, si juu ya jeki pekee, wakaikwangua chesisi mpaka chuma kikaonekana. Ilikuwa nzima, isipokuwa pembe moja ya nyuma iliyohitaji kuchomelewa. Sakafu ya dereva ilikuwa imekwisha kabisa. Ungeweza kumwona kuku akipita. Walikata bati jipya.

Tahadhari mbili ziliwekwa kwa ajili ya wanawake na watoto. Rangi za zamani aghalabu zilikuwa na risasi ndani yake, na risasi hiyo huharibu akili za watoto na humdhuru aliye mjamzito. Kwa hiyo msasa ulipitishwa penye maji, si pakavu, na mke wa mwana mkubwa, aliyekuwa na mimba, hakukaribia mpaka uani pasafishwe. Na breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Hufutwa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hutupwa. Nimewaona mafundi wengi wakipuliza vumbi hilo mbele ya wanafunzi wao, na hakuna anayewakataza.

Injini ndiyo iliyoleta ugomvi. Pikapu ilikuwa imesimama kwa sababu gasketi ya silinda hedi iliungua, maji yakaingia kwenye oili, ikawa nyeupe kama chai ya maziwa. Makanika alitaka kuitoa injini yote na kuweka ya Toyota, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa vipuri vyake viko kila kona. Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga barazani, akamwita.

"Mwanangu, miaka ishirini nilijua baba yako anarudi kwa sauti ya injini hiyo, tangu yuko kule chini. Ukiweka nyingine nitajuaje kuwa ni gari letu?"

"Samahani, mama, lakini sauti haipandi mlima."

"Ilipanda miaka ishirini."

Mshonaji hakusema na mama wala na mdogo wake. Alifungua daftari akataka bei mbili, ya kubadilisha na ya kutengeneza. Injini ya Toyota ingedai pia viungo vipya vya kuishikilia, shafti kukatwa, na namba mpya kuandikishwa serikalini, maana namba ya injini imo katika kitabu cha gari. Silinda hedi ilihitaji kupelekwa Nairobi ikasawazishwe uso, na gasketi itafutwe katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kutengeneza kulikuwa nafuu kwa zaidi ya nusu. Makanika alinyamaza siku mbili, ya tatu akaifungua hedi. Kwa maoni yangu mama alikuwa na haki ya kusema, lakini nashukuru kwamba jambo lilikatwa kwa hesabu na si kwa machozi, kwa kuwa kijana aliyeshindwa na hesabu hana kinyongo na mamake.

Viti alivishona mshonaji kwa ngozi bandia ya hudhurungi, kazi ya usiku sita, na daftari lilimwandikia ujira wake kama lilivyomwandikia makanika. Hilo nililisisitiza. Mikono ya wanawake huitwa msaada na ya wanaume huitwa kazi, na sioni dalili ya tofauti hiyo katika vitabu. Juu ya rangi sitasema mengi. Wiki mbili za ubishi, na mwishowe ilirudi nyeupe.

Breki hazikuwekwa kifaa hata kimoja kilichotumika. Mbele 504 ina breki za sahani, nyuma za dramu, na mipira yote ya kupitisha mafuta ya breki ilikuwa imepasuka kwa uzee. Mnunuzi mmoja aliwaletea mipira ya gari jingine lililokatwa, bei robo. Mama alikataa, na safari hii hakuhitaji daftari. Barabara ya Meru kwenda Embu hukata mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, na kila mto una mteremko wake. Uliotisha zaidi ni wa daraja la Nithi. Julai 2022 basi lililokuwa likienda Mombasa lilitumbukia pale, wakafariki zaidi ya watu 30. Binti mdogo huipita njia hiyo kila anapokuja kumwona mama yake. Hakuna aliyekuwa tayari kuokoa elfu chache mahali hapo.

Karatasi zilichelewa kuliko injini. Kitabu cha gari kilikuwa kwa jina la marehemu, na maiti hahamishi umiliki. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kusikiliza mambo ya mirathi pale wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kusikilizwa humo. Familia ilikwenda na ile karatasi ya mafungu 64 ikiwa na sahihi za wote, pamoja na ya aliyeuza na aliyenunua, kwa hiyo hapakuwa na cha kubishaniwa. Hata hivyo miezi ilipita, na gari lilikaa likang'aa bila kutoka getini, kwa kuwa mama alisema halitakanyaga lami kabla ya kukaguliwa na kupata bima. Vijana walilisukuma mbele na nyuma uani kama watoto.

Lilipotoka, nilikuwa Meru. Tulikwenda Embu, makanika akishika usukani, mama katikati, nami dirishani. Nyuma hapakupanda mtu. Kabla ya Nithi alirudisha gia chini, akashuka pole pole kwa nguvu ya injini, mguu ukigusa breki kidogo kidogo. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo. Tulipopanda upande wa pili na injini ikaanza kunguruma, alinyamaza akasikiliza, kisha akafunga macho. Binti mdogo alitoka nje ya nyumba yake Embu kabla hatujapiga honi.

Sasa Pijo huenda Isiolo mara mbili kwa wiki. Pato huingia kwenye daftari, hutolewa petroli na matengenezo, kisha karadha, na kinachobaki hugawanywa kwa 64. Karadha ya mwana mkubwa imekwisha lipwa. Ya mshonaji imebaki kidogo. Kuhusu jeneza, walikaa kikao maalumu. Gari ni la watu watano, na mtu hawezi kutoa sadaka kutoka fungu la mwenzake, kwa hiyo kila mmoja aliulizwa, naye wa Embu kwa simu. Wote waliridhia kwamba maiti wa Majengo hatozwi, na ikaandikwa.

Limebaki jambo moja. Mkono wa kuteremshia kioo cha mlango wa kushoto umekatika, na Kirinyaga Road yote hawakuupata unaolingana. Kwa sasa wameweka kipande cha mbao. Huo ndio mlango anaouita wake binti wa Embu, naye kila akija hulalamika. Ikiwa yuko msomaji wa Mombasa au Kilifi mwenye 504 iliyokufa uani, na mkono huo bado uko, na amjulishe mhariri. Watalipa, na risiti itaingia daftarini.